Usiandike "vidole viko sawa" kama hujavishika

Ilikuwa Desemba, msimu wa maembe, na yeyote aliyewahi kufanya kazi wodi ya mifupa huku kwetu anajua Desemba maana yake nini. Shule zimefungwa, watoto wako juu ya miti, kila jioni kuna mzazi anaingia amembeba mtoto na kiwiko kimevimba kama papai. Wa siku hiyo alikuwa na miaka 7. Aliteleza mwembeni akatua na mkono ulionyooka, mfupa wa mkono ukavunjika pale juu kidogo ya kiwiko, mkono wa kulia. Alifika saa 12 jioni, daktari akamrudishia mfupa kwenye mstari wake chini ya dawa ya usingizi, akafungwa hogo, yaani plasta ngumu, kiwiko kikiwa kimekunjwa, saa 2 na nusu usiku yuko wodini kwangu.

Mi ndo nlikuwa zamu ya usiku. Leseni yangu haikuwa hata na miaka miwili, wagonjwa 31, manesi wawili, na mwenzangu alikuwa amebanwa na majeruhi wa bodaboda aliyekuwa anatoka damu kule mwisho.

Kwenye fomu ya uangalizi kuna mstari wa vidole. Saa 4 nikammulika na tochi, nikaona vidole vimevimba kidogo ila vina rangi, nikaandika vidole viko sawa. Mtoto analia, nikampa dawa ya maumivu. Saa 5 na nusu analia zaidi, mama yake ananiambia sista huyu mwanangu mi namjua, sio mtu wa kulia hivi, nikamjibu mama mfupa umevunjika lazima uume, nikamwomba daktari aongeze dawa, akaandika sindano, nikachoma. Saa 6 na nusu mtoto kanishika gauni hataki kuliachia, hataki kulala, hataki kukaa, anasema tu "imebana, fungua, imebana". Nikammulika tena. Nikaandika tena vidole viko sawa.

Saa 8 usiku akapita msimamizi wa zamu, mama mtu mzima aliyekuwa amebakiza miaka michache astaafu, wote tulimwita Mama tu. Hakuwasha tochi. Alikaa pembeni ya kitanda, akamwambia mtoto pole baba, akakishika kidole cha kati cha ule mkono uliofungwa, akakinyoosha taratibu, kidogo sana, hata upana wa kucha haufiki. Sauti aliyoitoa yule mtoto iliamsha wodi nzima. Mama akanigeukia akasema, "Leta mkasi wa plasta, halafu mpigie daktari. Sasa hivi."

Tulikata hogo kuanzia juu hadi chini, na sio hogo peke yake, pamba ya ndani nayo, bendeji nayo, mpaka tukaiona ngozi, kwa sababu pamba iliyoloa damu ikikauka inabana kama waya, ukikata plasta ukaacha pamba hujafanya kitu. Mkono tukauweka usawa wa moyo. Mi nlitaka kuuning'iniza juu kama tulivyozoea kwa uvimbe, Mama akanizuia, akasema huku ndani damu inapita kwa shida, ukiinua juu unaipunguza zaidi. Daktari akaja mbio, akamshika vidole mara moja tu, mtoto akaenda thieta, wakafungua ngozi na ule utando mgumu unaozunguka misuli ya mkono.

Hiyo hali kitabuni inaitwa kompatimenti sindromu. Misuli ya mkono na mguu imegawanyika kwenye vifuko, na kila kifuko kimezungukwa na utando usiotanuka. Ukivunjika, damu na maji vinajaa mule ndani, na kwa kuwa kifuko hakitanuki presha inapanda, inafika mahali damu mpya haiwezi tena kuingia kwenye misuli na mishipa ya fahamu. Misuli ikikaa hivo kama masaa 6 inaanza kufa kifo kisichorudi. Mjerumani mmoja, Richard von Volkmann, alieleza mwaka 1881 jinsi misuli ya mkono ulionyimwa damu inavyokauka na kukunja vidole kama kucha za kuku, na mpaka leo ulemavu huo unaitwa kwa jina lake. Yaani watu wanalijua hili zaidi ya miaka 140 na mi nlilisoma chuoni nikajibu mtihani nikapata.

Asubuhi wakati wa kukabidhiana zamu nlitegemea kugombezwa mbele ya watu. Mama alinivuta pembeni kwenye chumba cha dawa akaniuliza swali moja: "Mwanangu, usiku ulimwangalia mara ngapi?" Nikamwambia mara 3. "Na ulimshika mara ngapi?"

Sikuwa na jibu. Sikumshika hata mara moja. Na hilo swali ndo limebadilisha namna ninavyofanya kazi hii mpaka leo, miaka mingi sasa, kwa hiyo naandika nliyoyapata baada ya pale, hasa kwa manesi wanaoanza.

Chuoni tulikariri zile P 6, dalili sita ambazo kwa Kiingereza zote zinaanza na herufi P: maumivu, kupauka, kukosa mapigo, ganzi, kushindwa kusogeza, na kiungo kuwa cha baridi. Tulizikariri kama zote zina uzito sawa na zinakuja pamoja. Haziji pamoja. Maumivu yanatangulia mbele kabisa, tena maumivu ya aina yake, yasiyolingana na jeraha, yanayozidi ukinyoosha kidole au dole la mguu wewe mwenyewe mgonjwa akiwa ametulia. Ganzi inafuata. Mapigo kupotea na vidole kupauka vinakuja mwisho, na wakati mwingine haviji kabisa, mishipa mikubwa inaendelea kupiga vizuri huku misuli ndani inakufa. Ndo maana tochi yangu ilinidanganya. Nlikuwa natafuta dalili ya mwisho nikaipita ya kwanza iliyokuwa inanishika gauni.

Na kwa watoto kuna jambo la zaidi, mtoto mdogo hawezi kukwambia maumivu yangu hayalingani na jeraha. Atakuonesha kwa mambo matatu: ana wasiwasi, anahangaika hatulii, na anadai dawa ya maumivu mara kwa mara. Siku hizi nikiona nimempa mtoto dawa mara mbili ndani ya masaa machache na bado analia, siandiki "anasumbua", naenda kumshika. Na mama akisema simjui mwanangu hivi, hiyo ni taarifa ya kitabibu kabisa, naiandika kwenye faili kama ninavyoandika joto la mwili.

Sasa namna ya kumshika. Mkono uliofungwa hogo vidole viko nje, hivyo vinatosha kukwambia mengi. Naanza na mkono mzima, sio ulioumia, kwa sababu ule mzima ndo kipimo changu na pia mtoto anaona haumi. Nasikia joto lake, nabonyeza kucha niachie nihesabu rangi inarudi baada ya muda gani, isizidi sekunde 2. Halafu nahamia upande wa pili nafanya vilevile. Kama kuna tofauti nimeshajua.

Kisha tunacheza. Nipe dole! Hilo kila mtoto analijua, na akiliinua dole gumba vizuri mshipa wa fahamu wa nyuma ya mkono unafanya kazi. Tengeneza pete, dole gumba na kidole cha shahada viguse ncha kwa ncha viwe duara kabisa, hapo nimepima mshipa wa katikati, akishindwa duara litakuwa bapa kama mdomo wa bata. Tawanya vidole, halafu bana hiki kikaratasi katikati nisikichomoe, hapo nimepima ule wa upande wa kidole cha mwisho. Dakika moja haifiki. Mwisho nanyoosha kila kidole taratibu huku namwangalia usoni, simwangalii mkono.

Mguuni ni vilevile. Mwambie anyanyue dole gumba la mguu lielekee usoni kwake, halafu mguse pale katikati ya dole gumba na kidole kinachofuata, akiwa amefumba macho, akwambie anasikia au hasikii. Ule mshipa wa fahamu unaohudumia hapo unapita nje ya goti, chini kidogo, juu ya kinundu cha mfupa mwembamba, na umekaa karibu sana na ngozi. Plasta ikibana pale, au mguu ukalala umepinduka nje umeegemea chuma cha kitanda usiku kucha, asubuhi wayo unaning'inia hauinuki. Nimeliona mara mbili, na moja lilikuwa la chuma cha kitanda tu, hakuna kingine. Tangu hapo naweka shuka lililokunjwa pale pembeni ya goti hata kama hakuna aliyeniagiza.

Kuhusu ngozi yetu nayo lazima niseme. Vitabu vingi tunavyosomea vimeandikwa na watu wanaohudumia ngozi nyeupe, wanakwambia tafuta wekundu, tafuta weupe. Kwa mgonjwa mweusi wa hapa kwetu kupauka utakuona kwenye kucha, viganja, nyayo na midomo, sio mgongoni mwa mkono. Na kidonda cha kulalia kinapoanza usisubiri wekundu, hutauona, utakuja kuona ngozi imeshachanika. Tumia mgongo wa mkono wako, sikia joto, halafu bonyeza, pamekuwa pagumu au palaini kuliko pembeni yake? Muulize panauma au panawasha? Ngozi imekuwa nyeusi zaidi au inang'aa? Mkono unaliona kabla ya jicho.

Hilo nlilithibitisha kwa bibi mmoja.

Aliletwa amebebwa kwenye kiti cha plastiki na wajukuu zake wawili. Shikamoo bibi, marahaba mjukuu wangu, pole, wapi panauma? "Goti. Hili goti limenitesa siku ya 9 leo." Wajukuu wakatoa bahasha, kumbe ameshapelekwa sehemu nyingine akapigwa picha ya goti, picha haina shida, akapewa dawa ya kupaka. Halafu nyumbani akaitwa mzee wa kuunga viungo akamkanda na mafuta kila jioni.

Nikamlaza, nikaomba ruhusa nikafunua miguu yote miwili mpaka juu, sio goti tu. Ukweli wangu ni kwamba hapo nusu ya kazi ilikuwa imeisha. Mguu wa kulia umelala umepindukia nje, wayo unaangalia ukutani, na visigino havilingani, wa kulia umepanda juu. Nikachukua futi kamba nikapima kila mguu kuanzia ule mfupa unaochomoza mbele ya kiuno hadi kwenye kinundu cha ndani cha kifundo cha mguu. Tofauti sentimita 3. Sikumwambia anyanyue mguu, sikuuzungusha, nlimwomba achezeshe vidole tu na nikatafuta mapigo juu ya wayo. Nikamwita tabibu nikamwambia huyu bibi aende picha ya nyonga. Mfupa wa paja ulikuwa umevunjika pale shingoni, juu kabisa.

Nyonga inaongea kwa sauti ya goti. Mishipa ya fahamu inayohudumia nyonga inahudumia na goti pia, kwa hiyo mgonjwa hakudanganyi akikuonesha goti, ndo anavyosikia kweli. Hata mtoto mwenye usaha kwenye nyonga anaweza kukwambia goti. Kanuni ni ya zamani na haijawahi kuniangusha, chunguza kiungo cha juu na kiungo cha chini ya pale panapouma. Mgonjwa wa bega mwangalie shingo, mgonjwa wa goti mwangalie nyonga na kifundo cha mguu.

Na alipokuwa amelala hapo nikashika visigino. Cha kushoto kigumu, cha baridi. Cha kulia moto na kinabonyea, kwa macho vinafanana kabisa. Siku 9 amelala chali kwa sababu hakuweza kugeuka, na kila mtu alikuwa anaangalia goti. Tukaweka mto chini ya muundi kisigino kikaelea, kile kidonda hakikufunguka. Jambo moja zaidi nlimuuliza, bibi siku ile uliangukaje, akasema nlisimama usiku kwenda msalani nikasikia kizunguzungu. Mtu mzima akianguka usitibu mfupa tu, uliza kilichomwangusha, presha yake ikiwa amelala na ikiwa amesimama, macho yake, dawa anazokunywa, na hata njia ya kwenda chooni kama ina taa.

Niseme kidogo kuhusu hawa wazee wa kuunga mifupa. Kuna manesi wanawafokea wagonjwa, ulienda kwa mganga wewe, ndo umeona sasa. Mi sikubaliani kabisa na hilo. Ukimfokea leo, kesho mwingine atakuficha, na wewe unahitaji kujua kama mguu ulifungwa vijiti, ulibanwa kwa siku ngapi, ulivutwa au ulikandwa. Nimepokea kijana mguu umefungwa vijiti na kamba ya katani ukiwa mweusi na wa baridi, haukuokoka, na siku ya kwanza ndugu walitwambia hajapita popote kwa kuogopa maneno yetu. Sasa hivi nauliza hivi: nani mwingine ameushika huu mguu kabla hamjafika kwetu? Bila kukunja uso. Wanasema.

Kuna mambo huwezi kuyashika, lazima uyaone mtu akiwa anatembea. Ndo maana nikiwa zamu ya wagonjwa wa nje napenda kukaa nikiutazama mlango. Mtu akiingia nimeshaanza kumchunguza kabla hajaniona, anachechemea upande gani, mikono inabembea yote, anakaa kwenye kiti kwa kujishusha au kwa kujitupa, anasimama kwa kujisukuma na mikono? Akishakaa mbele yako na kujua anaangaliwa anatembea vingine.

Kijana mmoja mchunga mifugo aliingia hivo, miaka 20 na kitu, mrefu, ananyooka mgongo kama askari. Anataka sindano ya mgongo. Faili lake lina sindano za diklofenaki, dawa ya maumivu, za miezi 4, kila akija anachomwa anaondoka, na hakuna mtu aliyeandika hata sehemu moja kwamba alimvua shati. Wakati anakaa fimbo yake ikaanguka chini. Hakuinama. Alichuchumaa, magoti na nyonga vikakunja, mgongo umebaki umenyooka wima, akaiokota akajishika mapajani akajisukuma juu. Nikamwomba airudishe chini aiokote tena, akafanya vilevile.

Nikamwomba avue shati, nikapitisha vidole kwenye pingili moja moja kuanzia shingoni nikishuka, na chini ya mabega, pale kifua kinapokaribia kuisha, kidole kikapanda juu ya kinundu. Kibiongo kidogo, kwa mbali hukioni. Nikagonga taratibu, akakunja uso. Usiku unatoka jasho? Ndiyo. Umepungua? Akaonesha mkanda wake, matundu aliyoongeza kwa msumari. Nikamlaza nikapima nguvu za miguu, zilikuwa zimeanza kupungua. Ilikuwa kifua kikuu cha uti wa mgongo. Mwingereza Percivall Pott aliuelezea mgongo wa namna hii mwaka 1779, na huku kwetu bado upo, hasa kwa wafugaji na watu wanaoishi wengi nyumba moja. Dawa za kifua kikuu hapa Tanzania ni bure, alianza, na hakupooza. Kila nikikumbuka nafikiria zile sindano. Kila mmoja wetu alimpunguzia maumivu, na kila maumivu yalipopungua ugonjwa ulipata mwezi mwingine.

Halafu kuna mahali unapofanyia kazi. Mi nipo upande wa Meru, Arusha, na ukikaa huku unajifunza kuangalia meno kabla ya magoti. Maeneo kama Maji ya Chai maji ya asili yana floraidi nyingi sana, imetoka kwenye miamba ya volkano, wakati Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Watoto wanakua na meno ya kahawia, na wengine mifupa inaathirika, miguu inapinda. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu mwenye matege kidogo simtishi mama yake, miguu ya watoto huanza imepinda nje, karibu na miaka 3 au 4 magoti yanaingia ndani, baadae inajinyoosha. Lakini mtoto wa miaka 6 matege yanazidi, au mguu mmoja umepinda kuliko mwingine, hapo naangalia meno, naangalia vifundo vya mikono kama vimenenepa kwa upungufu wa vitamini D, na nauliza swali ambalo halipo kwenye fomu yetu: maji ya kunywa mnachota wapi? Na magadi, maana nayo yanaweza kuwa na floraidi, mnatumia kwenye kupikia? Kwa watu wazima inakuja kwa sura nyingine, mzee anaambiwa ana baridi yabisi, kumbe ukimwambia ageuze shingo anageuka mwili mzima, mgongo umekakamaa kama ubao. Pale Ngurdoto kuna kituo kinachofanyia kazi kuondoa floraidi kwenye maji kwa kutumia mkaa wa mifupa ya ng'ombe, na kuna familia nimezielekeza huko mwenyewe kwa sababu vidonge vya maumivu havibadilishi maji ya kwenye ndoo.

Narudi kwenye nguvu za misuli maana ndo kipimo ninachokipenda kuliko vyote na ndo tunachokiandika vibaya kuliko vyote. Mafaili yamejaa "mgonjwa ana udhaifu wa mkono". Udhaifu gani? Wa jana au wa leo? Kuna namba, 0 hadi 5, na hazihitaji mashine. 0 hakuna kitu kabisa. 1 unaona au unasikia msuli unatikisika chini ya vidole vyako ila kiungo hakisogei. 2 kinasogea kikiwa kimelazwa juu ya kitanda lakini hawezi kukiinua. 3 anakiinua mwenyewe, ukimsukuma kidogo tu kinaanguka. 4 anastahimili ukimsukuma ila unamshinda. 5 ni kawaida yake. Ukiandika 3 leo na nesi wa usiku akaandika 2, hapo daktari anaamka. Ukiandika "dhaifu" na mwenzako akaandika "dhaifu", mgonjwa anapooza kwenye karatasi zilizo sawa kabisa.

Yule mtoto wa mwembe alikaa wodini wiki kadhaa. Vidonda vya upasuaji vikafungwa, kipande kimoja kikabandikwa ngozi kutoka pajani. Vidole vilikuwa vinakunja kidogo na havikunji vyote. Kila zamu yangu nilikuwa namfungulia mkono wangu namwambia minya, vidole vyangu viwili, na mwanzoni nilikuwa sisikii kitu isipokuwa kama nyuzi zinatetemeka. Naandika 1. Mtu wa fiziotherapia alimpa mpira wa soksi akawa anauminya kutwa nzima, mama yake anamhesabia.

Alirudi kliniki mwezi wa 3. Nlimuona tangu getini, amevaa sare ya shule, begi limebebwa begani kushoto. Akaniamkia, nikamuuliza unaandika na mkono gani sasa, akasema wa kulia, ila nachoka haraka. Mama yake alikuwa kimya, na mi nlishamwomba msamaha wodini, siku ya pili baada ya upasuaji, aliniambia tu uwe unamsikiliza mtu, basi. Nikakaa kwenye benchi usawa wa mtoto, nikashika kwanza mkono wa kushoto, joto lake, kucha zake, halafu wa kulia. Sawa. Nipe dole, akatoa. Pete, ikawa duara, sio nzuri sana ila duara. Nikamnyoosha kidole cha kati taratibu nikimwangalia usoni, hakukunja uso, alikuwa anaangalia nje watoto wanaocheza.

Nikampa vidole vyangu viwili. Minya. Akaminya, nikaanza kuvivuta, akakaza meno, akakaza, nikavuta zaidi mpaka vikatoka.

Nikachukua faili nikaandika tarehe, mkono wa kulia, kuminya, 4.